Nani Aliyemwona Chui? Sauti na Ukimya katika Barua za Mwezi za Loji za Utalii Afrika Mashariki

Ikisiri

Loji na kambi nyingi za utalii wa wanyamapori katika Afrika Mashariki hutoa barua ya kila mwezi inayowasimulia wageni waliokwisha kuondoka mambo yaliyojiri mbugani. Makala haya yanaisoma barua hiyo kama utanzu wenye kanuni zake, na kuuliza swali moja: katika habari hizo, nani anayeona? Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kimejaa ndani ya barua hizo kama pambo na kama ghala la majina, ilhali kimenyimwa kazi ya kusimulia. Na kwamba kwa kunyimwa huko, mtu anayemtafuta mnyama na kumwona hupotea ndani ya sarufi ya habari. Mifano imetoka Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, na inasomwa sambamba na mapokeo ya habari za mwezi katika magazeti ya Kiswahili.

1.0 Utanzu na kanuni zake

Anayesoma barua tatu za namna hii huweza kuibashiri ya nne. Hufunguliwa na hali ya hewa: mvua zimenyesha au zimechelewa, majani yamerefuka, vumbi limetulia. Kisha huja wanyama, na hapo ndipo uzito ulipo. Simba wamezaa, chui ameonekana na windo lake juu ya mti, nyumbu wamefika au wanakaribia kufika. Baada ya wanyama huja watu, kwa ufupi: mpishi amepata cheti, mfanyakazi fulani amefunga ndoa, shule ya jirani imepokea madawati. Barua hufungwa kwa mwaliko wa kurudi. Lugha ni Kiingereza, mara chache Kijerumani au Kifaransa, na mlengwa ni mgeni aliyelala hapo mwaka mmoja au miwili iliyopita na ambaye sasa yuko mbali, penye baridi, akikumbuka.

Utanzu huu umepuuzwa na wahakiki kwa sababu hudhaniwa kuwa ni tangazo la biashara tu. Ni tangazo, hilo halina ubishi. Lakini tangazo linaloandikwa mara 12 kwa mwaka, kwa miaka mingi, kuhusu eneo lilelile, hatimaye huwa kumbukumbu, hata kama mwenyewe hakukusudia. Barua bora za aina hii zina sifa ambazo mwandishi yeyote wa nathari angezionea wivu. Zina subira. Hufuata ukoo mmoja wa simba kutoka kwa bibi hadi mjukuu. Huona kinyamavi akiviringisha kinyesi cha tembo na kumpa aya nzima. Hujua ndege gani wamerejea kutoka Ulaya na wiki gani. Msomaji wa Kiswahili anayetafuta nathari ya mazingira yenye uangalifu wa kiwango hicho katika lugha yake hatapata nyingi, na hiyo ni sababu tosha ya kuzichukulia barua hizi kwa uzito.

Ni lazima pia kukumbuka kwamba utanzu huu una babu. Loji ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti katika Aberdare nchini Kenya mwaka 1932, ilikuwa na daftari ambamo wageni waliweka kumbukumbu za usiku wao, na mmoja wa walioandika humo ni Jim Corbett, aliyekuwapo Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alipolala hapo na baba yake akafariki usiku huohuo. Daftari lile liliandikwa na mgeni. Barua ya mwezi ya leo huandikwa na mwenyeji, au na anayezungumza kwa niaba ya mwenyeji. Kati ya daftari na barua, kalamu imehama kutoka kwa mgeni kwenda kwa loji. Swali ni iwapo imehama pia kwenda kwa mtu aliyemwona mnyama.

2.0 Sisi ni akina nani?

Ichukuliwe sentensi iliyotungwa hapa kwa kufuata mtindo wa barua hizo, nayo ikitafsiriwa ingesomeka hivi: Jioni hiyo tulibahatika kumwona chui jike na mtoto wake juu ya mti, jua likizama. Hakuna kosa la sarufi ndani yake. Ni nzuri hata. Tatizo liko katika kile kiambishi tu- cha nafsi ya kwanza wingi, na katika kitenzi -bahatika.

Nafsi hiyo ya wingi haina makao. Katika aya moja ni meneja na wageni wake ndani ya gari. Katika aya inayofuata ni kampuni, inayofurahi kutangaza kisima kipya. Katika aya ya mwisho ni loji yenyewe, kana kwamba majengo yana moyo, ikimngoja mgeni arudi. Dereva yumo ndani ya sisi hiyo, lakini yumo kama abiria. Ilhali katika gari lile, watu watano walikuwa na darubini na mmoja alikuwa na maarifa.

Kitenzi -bahatika ndicho kinachokamilisha kazi. Chui hapatikani kwa bahati, au tuseme bahati huja mwishoni, baada ya mambo mengine kutangulia. Kabla ya sentensi ile kuandikwa, mtu alisimamisha gari na kuzima injini. Aliona swala pala watano wamesimama wima, wote wametazama upande mmoja, hakuna anayekula. Alimsikia tumbili akitoa mlio ule mfupi wa onyo, ambao si mlio wa kugombania matunda. Alikumbuka kwamba katika korongo lile, mwezi uliopita, kulikuwa na nyayo ndogo kando ya nyayo kubwa. Akakadiria upepo. Akageuza gari. Haya yote ni usomaji, kwa maana ileile ambayo wasomi hulitumia neno hilo, na matini yake ni nyika. Barua humpokonya msomaji huyo usomaji wake na kuugeuza zawadi iliyoanguka kutoka juu.

Kiswahili kingelazimisha jambo hili liamuliwe waziwazi, na hapa tofauti ya lugha si ya mapambo. Mwandishi wa Kiswahili ana njia tatu mbele yake. Anaweza kusema chui alionwa, kwa kauli ya kutendwa, na hapo msomaji atauliza mara moja: na nani? Anaweza kusema chui alionekana, kwa kauli ya kutendeka, na hapo tendo linakuwa sifa ya chui mwenyewe, kama kwamba alijitokeza kwa hiari yake. Au anaweza kusema fulani alimwona chui. Kauli ya kutendwa ya Kiingereza huchanganya njia mbili za kwanza na kumruhusu mwandishi asichague. Hiyo ndiyo starehe yake. Barua ikiandikwa kwa Kiswahili haitakuwa na unyoofu wa moja kwa moja kwa sababu hiyo tu, maana -onekana nayo ni pazia zuri, na magazeti yetu hulitumia kila siku kuficha watendaji wa mambo makubwa kuliko chui. Lakini angalau mwandishi atajua kwamba amevuta pazia.

3.0 Bibi na ng'ombe wasio na majina

Katika barua hizi wanyama wana majina, na majina hayo aghalabu ni ya Kiafrika. Duma watano madume walioshirikiana kuwinda katika Maasai Mara kuanzia mwishoni mwa mwaka 2016 walijulikana duniani kote kwa jina la Tano Bora. Mmoja wao alikuwa Winda, wengine walikuwa na majina ya Kimaa kama Olpadan na Olonyok. Ukiangalia kwa haraka utadhani huu ni ushindi wa lugha zetu. Majina yale yalitamkwa na watu wa mabara yote, na si jambo dogo.

Hata hivyo jina linafanya kazi gani? Katika Kiingereza mnyama asiye na jina ni kiwakilishi kimoja na jiwe. Akipewa jina, anapandishwa daraja na kuwa kama mwanamke au mwanamume. Kwa hiyo mwandishi wa barua huhitaji jina ili amtoe mnyama katika daraja la vitu. Kiswahili hakina haja hiyo. Simba amelala, nyani amekasirika, sisimizi amebeba punje, mwalimu amefika: upatanisho ni ule mmoja wa A-WA. Sarufi ya Kiswahili ilikwisha kumhesabu kila kiumbe chenye pumzi kabla utalii haujaanza. Ngeli haimngoji mnyama awe maarufu.

Tofauti hii si ya nadharia tu, kama tukio la Desemba 2015 lilivyoonyesha. Simba wa kundi la Marsh katika Maasai Mara, lililojulikana sana kupitia vipindi vya televisheni, walilishwa sumu na wafugaji waliokuwa wamepoteza ng'ombe. Miongoni mwa waliokufa ni simba jike mwenye umri wa miaka 17 aliyeitwa Bibi. Habari zake zilienea, na zilistahili kuenea. Lakini msomaji wa Kiswahili aliposoma taazia zile alikutana na jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hakuweza kulisikia. Bibi si jina tu. Ni neno la ujamaa, linaloitwa kwa heshima mlangoni mwa nyumba. Simba alikuwa bibi wa mtu. Upande wa pili wa habari walikuwapo wafugaji, kwa wingi, bila bibi wala babu, na ng'ombe, ambao katika Kiswahili nao ni A-WA, na ambao kwa mfugaji wa Kimaasai wana rangi, nasaba na majina. Ng'ombe aliyeliwa hakupata aya.

Mhakiki hapaswi kulaumu barua ya loji kwa kumlilia simba. Kulaumu kwa namna hiyo ni rahisi na hakufundishi. Linalodhihirika ni kwamba barua ya mwezi imeazima istilahi za ukoo kutoka kwa jirani, ikazimaliza zote kwa wanyama, na ilipofika kwa jirani mwenyewe haikubakiwa na neno ila jamii ya wenyeji. Katika maelfu ya kilomita za mraba zinazozunguka hifadhi hizi hakuna mtu yeyote anayeishi katika jamii ya wenyeji. Watu huishi kwa fulani.

4.0 Lugha ya redio

Kiswahili kinachosimulia kipo. Kipo katika redio za magari, na ni kimojawapo cha visawe vya kusisimua zaidi vya lugha hii kwa sasa. Tangu filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 impe shujaa wake jina la Simba, neno hilo limekuwa la mtoto wa kila nchi. Dereva akitamka simba redioni, mgeni wa kiti cha nyuma anarukia kamera. Akiwafikisha na wasimkute, ametoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Kwa sababu hiyo waongoza watalii wa Mara wamebuni majina ya pembeni: simba huitwa kwa sharubu zake, chui na duma kwa madoadoa yao, na wawili hao hutenganishwa kwa mahali, wa juu na wa chini, kwa kuwa mmoja hupanda mti na mwingine hukimbia uwandani.

Lililotokea hapa lina maana kubwa kuliko mzaha wake. Neno la Kiswahili lilichukuliwa na utalii hadi likaacha kuwa faragha ya wasemaji wake. Wasemaji hawakulalamika. Walirudi nyuma hatua moja, ndani zaidi ya Kiswahili, wakachota jina jingine kwa njia ya majazi, ya kumtaja mzima kwa sehemu yake. Njia hiyo si ngeni. Katika nyumba nyingi za pwani nyoka hatajwi usiku, huitwa kamba, na hakuna anayechanganyikiwa. Mafumbo ya redio ni mjukuu wa desturi hiyo, ila sababu imebadilika: zamani jina lilifichwa ili mnyama asije, sasa linafichwa ili mgeni asitangulie kufurahi.

Barua ya mwezi haina nafasi kwa lugha hii. Hainukuu redio hata pale ambapo habari yote ilianzia redioni. Sehemu ya sababu ni ya biashara, kwa kuwa fumbo likifichuliwa halifanyi kazi tena, na huenda waongoza watalii wenyewe wangekuwa wa kwanza kukataa lichapishwe. Ukimya huo basi si wa kunyimwa pekee. Kuna ukimya wa kujilinda, na mhakiki anayetaka kila kitu kiandikwe afikiri mara mbili. Hata hivyo ujuzi ulio chini ya mafumbo, wa milio, nyayo, kinyesi, upepo na tabia, si siri ya kazi. Huo hufundishwa ndani ya gari kwa mdomo, mzee kwa kijana, na mzee akistaafu huondoka nao. Vitabu vya mwongozo wa wanyama vilivyomo katika droo ya gari ni vya Kiingereza. Watoto wa vijiji vinavyopakana na hifadhi husoma Kiswahili shuleni, na wanyama wanaowakuta vitabuni ni sungura na fisi wa hadithi, wanaosema uongo na kuibiana asali. Hadithi hizo ni nzuri na ziendelee. Lakini fisi aliyepita nyuma ya darasa usiku uliopita hana mwandishi.

5.0 Safari ya neno boma

Kwa msomaji wa Uganda, Rwanda au Burundi, suala hili lina sura nyingine inayosahaulika kirahisi likijadiliwa kutoka Arusha au Nairobi. Katika loji za magharibi mwa Uganda, karibu na Mfereji wa Kazinga, lugha za vijiji ni Rutooro, Runyankole na Rukonzo. Kiswahili kilibeba kwa miongo mingi harufu ya kambi za jeshi. Na bado barua kutoka huko hufunguliwa kwa jambo na kufungwa kwa asante sana. Maneno hayo hayakutoka kijijini. Yamekuja pamoja na utanzu, kama mahema ya kaki na taa za chemli. Kiswahili katika hali hiyo kinawakilisha Afrika kwa mgeni ambaye hakuulizwa ni Afrika ipi, na kinawasikitisha wanaokipenda kuliko wanaokichukia, kwa sababu juhudi za kukifanya lugha ya eneo zima zinakutana na picha yake ya kitalii mlangoni.

Neno safari lenyewe ni kielelezo kilichozoeleka. Katika Kiswahili mtu husafiri kwenda hospitali ya mkoa, na hiyo ni safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, ambamo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia mwendo wa bara pamoja na hongo na majadiliano na watawala wa njiani, naye Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Katika masimulizi ya Salim, Mswahili ndiye mtazamaji, na ajabu ni theluji na watu wa nyika za baridi. Sarufi ya kuona ilikuwa mikononi mwa Kiswahili, na ilifanya kazi vizuri.

Boma lina historia chungu zaidi na ya kuchekesha zaidi. Ni uzio wa miti na miiba, ni makazi ya mfugaji, na chini ya Wajerumani likawa ofisi ya serikali, maana ambayo bado inaishi katika miji ya Tanzania. Kuna waongoza watalii wanaowaeleza wageni kwamba ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye asili ya maofisa wa Kiingereza. Si kweli, neno lilikuwapo kabla ya maofisa hao kufika, lakini uongo huo una mantiki yake: lugha iliyozoea kuwa pambo huishia kudhaniwa kuwa haina kitu chake. Katika loji, boma ni duara la viti kuzunguka moto ambapo mgeni hula chakula cha usiku. Katika taaluma ya kuhamisha wanyamapori, kusini mwa Afrika, boma ni zizi la muda la kumzoeza mnyama. Mwaka 2015 simba 7 waliletwa kutoka Afrika Kusini hadi Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda, ambako simba walikuwa wametoweka katika miaka iliyofuata 1994, na kwanza waliwekwa ndani ya zizi la namna hiyo. Habari za Kiingereza zikasema wako ndani ya boma. Neno lilikuwa limeondoka Afrika Mashariki, likashuka kusini, likavaa Kiingereza, na kurudi Rwanda likiwa na simba ndani yake.

Rwanda hiyohiyo inatoa mfano unaopingana na haya yote kwa kiasi fulani. Tangu mwaka 2005 sokwe wachanga wa Hifadhi ya Volkano hupewa majina katika sherehe ya hadhara iitwayo Kwita Izina, iliyojengwa juu ya desturi ya Wanyarwanda ya kumpa mtoto jina mbele ya watu. Majina ni ya Kinyarwanda na yana maana kamili, mengine ni kama sentensi fupi. Inaweza kusemwa, na kwa haki, kwamba wanaotamka majina hayo jukwaani mara nyingi ni wageni mashuhuri, na kwamba utalii ndio unaogharimia jukwaa. Bado tofauti ni ya kweli. Jina linatoka katika lugha inayosikika pale uwanjani, na jirani yupo anapolisikia. Barua ya loji humpa mnyama jina la Kiswahili katika ukurasa ambao jirani hatauona.

6.0 Habari za mwezi zenye mwenyewe

Kuna dhana kwamba habari za mwezi ni utanzu wa kigeni na kwamba Kiswahili kingelazimika kuujifunza. Historia inasema vinginevyo. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa UMCA huko Magila walitoa gazeti lililoitwa, bila mapambo, Habari za Mwezi. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi, na ndani yake wasomaji wa miji na wilaya walituma habari za kwao: mvua, mavuno, mgeni aliyepita, aliyefariki. Hayakuwa magazeti huru. Moja lilikuwa la misheni na jingine la serikali ya kikoloni, na kila mwandishi alijua ni nani anayesoma juu ya bega lake. Katika hilo yanafanana na barua ya loji kuliko tunavyopenda kukiri: yote ni maandishi ya kila mwezi yanayolipiwa na mwenye mamlaka ili kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Kinachotofautiana ni mvua. Katika barua ya loji mvua ni mandhari na biashara. Aprili na Mei, masika inapotiririka, barabara huharibika na baadhi ya kambi hufunga, na kipindi hicho kimepewa jina la msimu wa kijani ili bei ishuke kwa heshima. Neno masika halitumiki, ingawa lingefaa na ni fupi zaidi. Katika habari ya mwandishi wa wilaya mvua ni chakula. Imewahi, imechelewa, imeozesha, imeleta. Mtu anayeandika vile atakula au hatakula kutokana na anachokiripoti, na sentensi zake huwa fupi kwa sababu hiyo. Barua ya loji hujua vizuri sana mvua inawafanyia nini nyumbu wa Ndutu, wanaozaa katika miezi ya mwanzo wa mwaka nyasi fupi zinapochipua. Mvua hiyohiyo inawafanyia nini watu wa upande wa pili wa mpaka wa hifadhi, haijui, au haioni kuwa ni habari.

Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa na loji zikabaki bila wageni, utanzu huu ulitikisika kwa muda. Sisi ile ya wingi ilipoteza nusu yake. Baadhi ya waongoza watalii walisimama mbele ya kamera ya simu na kuwaonyesha wanyama watu waliojifungia majumbani ng'ambo, kwa matangazo ya mubashara ya intaneti. Kwa mara ya kwanza watazamaji wengi walimsikia mtu akieleza kwa nini amegeuza gari, badala ya kuelezwa kwamba walibahatika. Lugha ilibaki Kiingereza, kwa kuwa hadhira ilikuwa ya Kiingereza. Lakini kitenzi kilikuwa kimerudi kwa mtendaji wake, na hapakuwa na meneja katikati.

7.0 Sahihi

Mwandishi wa Mambo Leo aliweka jina lake na mahali alipo chini ya habari. Barua ya loji hutiwa sahihi na meneja, au na mume na mke wanaosimamia kambi, pamoja na maneno ya kuitaja timu nzima. Ndani ya barua wafanyakazi hutajwa kwa jina la kwanza pekee, hata mwenye miaka 60 na wajukuu, ambaye jikoni na gereji wenzake humwita mzee au baba fulani. Mgeni hutajwa kwa jina lake na la ukoo, na mara nyingine na mji wake.

Kuna mahali pamoja, katika baadhi ya barua za miaka ya karibuni, ambapo kanuni hiyo imevunjika bila kutangazwa. Simu zenye kamera nzuri zimewafikia waongoza watalii, na loji zimegundua kwamba picha zao ni bora kuliko za wageni, kwa sababu wao hujua chui atageukia wapi. Picha inapochapishwa, sheria ya hakimiliki na adabu ya kazi hudai mwenye picha atajwe. Kwa hiyo chini ya chui yuleyule ambaye aya ya juu inasema tulibahatika kumwona, kwa herufi ndogo sana, pembeni, limeandikwa jina kamili la mtu, pamoja na la baba yake.